Fungate ya Maskati, bila somo wala mama



Sisi ni wawili, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na tuliolewa na ndugu wawili wa tumbo moja. Nikaha zilifungwa mapema ili vyeti vya ndoa na viza vishughulikiwe, na harusi yenyewe ikaja mfungo mosi wa mwaka 2018. Siku ya tatu baada ya harusi tukapanda ndege kwenda Maskati, walikokuwa wakifanya kazi waume zetu. Tulikaa miaka mitatu, mikataba yao ikamalizika, tukarudi, na sasa tuna chumba chetu cha kushonea nguo za maharusi hapa mjini Unguja. Humo ndimo tunamoulizwa. Mwari anakuja kupimwa gauni, tunamwuliza ataishi wapi, anasema Maskati, au Dubai, au London, na uso umemjaa furaha. Mama yake akisogea kuangalia vitambaa, anashusha sauti: "Dada zangu, zile siku za mwanzo zinakuwaje?"

Na futi shingoni na pini mdomoni mtu hawezi kujibu yote. Ndiyo maana leo tumekaa tukaandika.

Fungate mnaijua nyote. Siku saba bi harusi haguzi sufuria. Masinia yanatoka kwa mama, somo yuko chumba cha pili, anakohoa tu umjue kuwa yupo, na ukiwa na la kuuliza unamwuliza yeye. Hata ukiudhika na mume siku ya pili, kuna mtu wa kukwambia "nyamaza kwanza, ule". Sisi fungate yetu ilikatika siku ya tatu. Siku nne zilizobaki tulizila Maskati, tunajipikia, na mtu wa kumwuliza hatunaye, ila mwenyewe anayekuudhi.

Tulifika usiku. Uwanja wa ndege ulikuwa mpya, umefunguliwa Machi ya mwaka uleule, sakafu zinang'aa hata unaogopa kukanyaga, na ndani baridi ya kiyoyozi. Tukatoka mlangoni, likatupiga joto usoni. Tulidhani ni moshi wa gari lililosimama karibu, tukasogea pembeni. Kumbe ndiyo hewa yenyewe, na saa hizo ni usiku wa manane! Mwezi wa Julai Maskati si mahali pa kumkaribishia mgeni, lakini harusi zetu na likizo za waume zetu ndivyo zilivyopangika.

Mji wenyewe ni mrefu na mwembamba. Milima mikavu iko nyuma, bahari mbele, na katikati nyumba nyeupe nyeupe zimefuata barabara kuu ya Sultan Qaboos mwendo mrefu sana. Huoni watu wanatembea kwa miguu. Hilo ndilo lililotutia upweke kabla ya jingine lolote, maana sisi tumezoea kufungua dirisha na kuona mtu, na mtu akituona akatusalimu. Fleti zetu zilikuwa Al Khuwair, ghorofa ya tatu, milango inatazamana. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ile milango. Mara nyingi tunawafikiria wale wanaokwenda peke yao.

Asubuhi ya kwanza tulikutana na jambo ambalo hakuna aliyetutajia, nalo ni kibla. Hapa kwetu Makka iko kaskazini moja kwa moja, na wazee hadi leo wakitaka kusema kaskazini wanasema upande wa kibla. Mtoto anakua anajua nyumba yao imekaaje na kibla. Maskati kibla kiko magharibi, jua linakozama. Mume alituonesha kwa mkono, upande wa kabati la nguo, na tukasali. Moyo umeelewa lakini mwili unagoma. Mtu unasimama kwenye mswala unahisi umesimama pembeni, kama kitanda kilichowekwa upande usiozoea. Ilichukua siku kadhaa mpaka mwili ukakubali, na tuliona kwamba siku tuliyosimama kwenye mswala bila ya kufikiria upande, ndiyo siku ya kwanza tuliyolala vizuri.

Na saa nazo. Wao wako mbele yetu kwa saa moja, na wanahesabu saa Kizungu, ukisema saa mbili wanajua mchana baada ya Adhuhuri. Alfajiri mwezi wa Julai inaingia karibu na saa kumi za usiku, Magharibi inakaribia saa moja. Sisi wa Ikweta tumezoea siku ambazo mwaka mzima hazibadiliki sana. Jingine la sala: wengine hudhani ukifika ugenini unapunguza sala mpaka uzoee. Sisi Mashafi, aliyekwenda kwa nia ya kukaa siku nne na zaidi anasali kamili tangu alipofika, na bi harusi anayehamia kwa mumewe ndiye wa kwanza katika hao. Muulizeni shekhe wenu kabla hamjaondoka, ni swali la dakika mbili.

Siku ya tatu ya kufika likizo za waume zetu zikesha. Wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, wanarudi jioni. Na hapo ndipo lilipotokea la ufunguo.

Mume wa mmoja wetu alitoka kazini kwake kama siku zote, akafunga mlango kwa nje, akaenda zake na ufunguo. Mwenzetu aliamka akavuta kitasa, mlango haufunguki. Akagonga kwa ndani. Yule mwingine akatoka akasimama ukumbini, mlango katikati yetu, na tukakaa hivyo, mmoja kigae cha ndani, mmoja kigae cha nje, tunazungumza kupitia uwazi wa chini wa mlango. Mwenzetu wa ndani alishajenga kisa kizima. Ameolewa na mtu wa kufungia wanawake ndani. Kwao hawakumchunguza. Pasipoti yake iko wapi? Alikwenda kuitafuta akaikuta palepale kwenye mkoba, akarudi mlangoni, akalia upya. Tulimpigia mume, simu haipokelewi, maana kazini kwao simu zinaachwa kwenye makabati.

Alirudi mchana wakati wa chakula, mbio, uso umembadilika, kwa sababu alikumbuka akiwa katikati ya kazi. Miaka sita ameishi chumba kimoja na wanaume watano, na desturi yao ilikuwa wa mwisho kutoka anafunga. Mkono wake ulifunga mlango kabla ya akili kukumbuka kwamba sasa ana mke. Jioni ileile alikwenda Ruwi akachonga ufunguo wa pili na wa tatu, wa tatu akampa shemeji yake wa mlango wa mbele. Hilo jambo lilikwisha, lakini lilituacha na swali ambalo hatukujua namna ya kuliuliza mpaka alipokuja mtu akatupa maneno yake.

Kabla ya huyo mtu, acheni tuseme la simu, kwa sababu ndilo linalovunja mioyo. Wakati ule simu za WhatsApp Omani zilikuwa hazipiti. Ujumbe unapita, picha inapita, sauti iliyorikodiwa inapita, lakini kupiga ukazungumza na mama hapana, na simu ya kawaida ya nje inakula fedha vibaya. Basi mama zetu wakawa wanatuma sauti. Dakika nne, dakika tano. Ndani yake jogoo, muuza samaki anapita na kengele ya baiskeli, mtoto anaitwa aje aoge, na mama anasema mambo ambayo hayana haja: nani kazaa, embe zimeanza, maji yamekatika tangu jana. Tulisikiliza sauti ileile mara tatu, mara nne. Kujibu ndiko kulikuwa kazi. Mnarikodi, mnafuta, mnarikodi tena, kwa sababu mama anajua. Tukisema "tuko salama mama" na sauti imepanda kidogo tu, yeye anatuma neno moja: "Mna nini?"

Tulikubaliana sisi wawili tangu mwanzo nini kinakwenda nyumbani na nini kinabaki. Ya joto, chakula, bei, kuumwa kichwa, hayo mama anaambiwa yote, anapenda kuambiwa. Ya ndani ya nyumba na mume hayaendi kwenye sauti ya simu, kwa sababu siri za ndoa ni amana, na pia kwa sababu mama akisikiliza ile sauti chumbani wako mashangazi watatu. Neno unalolisema leo kwa hasira, wewe na mume mtapatana kesho, na mashangazi watakuwa bado wanalizungumza mwezi wa Ramadhani.

Sasa mtu wenyewe.

Tulikuwa tunapika mchuzi wa samaki wa nazi, mlango mmoja uko wazi kwa sababu ya moshi. Mbuzi ya nazi tulikwenda nayo ndani ya begi, tumeizungushia kanga. Watu wa uwanja wa ndege waliigeuza geuza wakidhani silaha. Tukasikia nje: "Hodi! Hodi wenyewe!" Katika nchi ya watu, mtu anapiga hodi. Tulitazamana kwanza. Akaingia bibi mmoja mtu mzima, kajifunga buibui la zamani, fimbo mkononi, anaishi ghorofa ya chini kwa mwanawe. Hata kukaa hajakaa akauliza, "Nani anapika kwa nazi ya kukuna humu?"

Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza watoto wa wapi. Mmoja akasema Mwembetanga, mmoja Bububu. Akavuta pumzi, akasema yeye wa Malindi, na akataja njia za mji mmoja mmoja mpaka akafika kwenye nyumba isiyokuwepo tena. Mnajua historia. Baada ya mwaka 1964 wengi waliondoka Unguja, na baada ya mwaka 1970, aliposhika nchi Sultan Qaboos, wengi wa asili ya kule wakaenda Omani. Ndiyo maana Maskati ukikaa kimya dakika kumi sokoni utasikia Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kizuri, kilichohifadhiwa kama nguo ya sandukuni. Bibi alikuwa na maneno ambayo sisi tuliyasikia kwa bibi zetu tu.

Alikula, akasifu, akasema chumvi kidogo. Kisha akatutazama akasema, "Mmelia nyinyi." Hatukujibu. Akasema na yeye alilia alipofika, tena Maskati yenyewe haikuwa hii, lami kidogo, na umeme wa kuhesabu. Mume wake alikuwa mtu mwema, lakini mwaka mzima alimchukia kwa sababu ya vumbi. "Vumbi si lake, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu." Akasema, "Kila kitakachokukera, jiulize kwanza: hili la mji, au la mtu?"

Mashoga zetu, sisi hatujapewa nasaha ya ndoa iliyotufaa kuliko hiyo. Kwa sababu bi harusi anayehamia nje anakutana na wageni wawili kwa wakati mmoja, mji mgeni na mume mgeni. Hapa kwetu mume ni mgeni lakini mtaa unaujua. Kule hujui lipi limetoka wapi, na yote yanamwangukia mume kwa kuwa ndiye mwenye masikio.

Tukaanza kuyapanga. Joto, la mji. Maji ya bomba kuchoma mchana kwa sababu matangi yako juu ya paa, la mji, na lina dawa yake: zima hita ya bafuni isiwashwe kabisa, maji yakae humo yapoe ndani ya nyumba, oga kwa upande wa moto. Yaani bomba la moto ndilo linalotoa maji ya baridi. Tulicheka siku nzima. Kiyoyozi kuunguruma usiku kucha hata husikii adhana, la mji. Kila bei kuigeuza shilingi mpaka mkono unaogopa kuchukua nyanya, la mji. Riali moja ilikuwa zaidi ya shilingi 5,000, na riali moja ni baisa 1,000, kwa hiyo mtu akikwambia baisa mia tano hujui ucheke au ulie. Acheni kugeuza baada ya wiki ya kwanza, vinginevyo hamtakula. Mume kurudi jioni hasemi neno, amekaa anatazama ukuta? Hili tulibishana. Mwisho tukasema nusu kwa nusu: amesimama juani toka asubuhi, mpe maji na nusu saa, baada ya hapo kimya kilichobaki ni chake mwenyewe.

Lakini yalikuwepo ya mtu. Mume wa mmoja wetu, na hatusemi nani, kila baada ya Isha alikwenda kwa rafiki zake kunywa chai ya maziwa na kupiga soga mpaka saa sita za usiku. Ndiyo maisha aliyoishi miaka yote ya ukapera. Mwenzetu usiku wa kwanza alisubiri, wa pili alisubiri, wa tatu alitaka tiketi ya kurudi, na alishahesabu dhahabu zake zinatosha au hazitoshi. Fedha ya mahari na dhahabu ni zake, haki yake kisheria, hakuna wa kumzuia. Tulikaa naye. Tukamwuliza la mji au la mtu, akasema la mtu. Basi la mtu linasemwa kwa mtu. Akasubiri siku ya nne, mume ameshakula, akamwambia bila ya kulia: mimi mchana niko peke yangu na usiku niko peke yangu, niliolewa nije nikae na nani? Mume alinyamaza muda mrefu. Haikuwa ubaya, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba sasa ina mtu anayesubiri. Wakapatana soga ziwe usiku wa kuamkia Ijumaa tu, maana mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. Wiki iliyofuata alikwenda pia Jumanne, tuseme ukweli. Lakini alirudi saa tatu.

Na yapo ya mtu ambayo si ya kusubiri usiku wa nne. Kupigwa, kufichiwa pasipoti, kunyimwa chakula, kukatazwa hata kumsikia mama yako. Hayo msiyaite siri za ndoa, na asiwepo shangazi wa kuwaambia ni ugeni utazoea. Hapo walii wako anaambiwa siku hiyohiyo, na namba ya ubalozi wetu inakuwa imeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Kuna mwari tulimshonea hapa ambaye alirudi na nguo alizovaa tu. Hatutasema zaidi kwa ajili yake.

Bibi alitutoa nje pia. Alisema mji haujulikani kwa dirisha. Tulipanda basi jekundu la barabara kuu mpaka Ruwi na mbele yake Mutrah, dereva akatuonesha viti vya mbele. Teksi zao nyeupe na rangi ya chungwa zinaendeshwa na Waomani wenyewe, na mzee mmoja alipotusikia tunabishana juu ya nauli alitujibu kwa Kiswahili, tukaona haya. Mutrah tulipumua. Bahari ipo, majahazi yapo, soko la samaki lipo na nguru tuliowazoea wamelala kwenye barafu. Soko lenyewe la zamani, la kuezekwa, njia nyembamba, udi unafuka, mtu unaweza kujidanganya uko Darajani. Nendeni asubuhi au baada ya Laasiri, mchana wanafunga wanalala, kama wazee wetu wa Mji Mkongwe. Tukanunua ubani wa Dhofar. Ubani ule ukiutia chetezoni fleti yoyote inakuwa nyumba ya mtu.

Vitambaa tuliviona tukashikwa na wazimu, hilo jueni tu. Mafundi wengi ni wanaume kutoka Bangladesh, India na Pakistan, na wanashona vizuri sana. Sisi tulikuwa na cherehani akilini tangu siku hiyo, lakini viza ya kumfuata mume si ruhusa ya kufanya kazi, na wenye nchi hawataki mchezo. Tulishona zetu na za bibi, hatukutoza. Wanawali wanaopanga "nitafika nitafungua biashara" waulizie kwanza.

Vyakula hamtakosa. Watu wa Kerala wamejaa kule na wao wanakula muhogo, ndizi mbichi, nazi na majani ya mchuzi kama sisi, kwa hiyo maduka makubwa yana kila kitu, hata nazi ya kukunwa tayari kwa wavivu. Ukialikwa kwa Waomani, utaletewa tende na kahawa yenye hiliki katika kikombe kidogo. Kila ukimaliza kitajazwa. Ukitosheka kitikise kikombe kidogo kwa mkono, huyo mwenye kumimina ataondoka. Mmoja wetu alikunywa vikombe saba kabla ya bibi kumfinya.

Msikitini tulikwenda Ijumaa ya pili. Waomani wengi ni Ibadhi, hawafungi mikono katika sala, hawaitikii amina baada ya Alhamdu, na Alfajiri hawaleti kunuti. Sisi tuna misikiti ya Kiibadhi hapahapa mjini, lakini mwanamke wa Kiunguja mara nyingi anasali nyumbani, kwa hiyo hajasimama nao safu moja. Pale tumesimama wote, sisi tumefunga, jirani zetu mikono chini, na hakuna aliyemtazama mwenziwe. Baada ya sala mama mmoja akatupa tende, akatuombea kizazi chema. Tulitoka pale tunahisi mji umetupokea, na hatukuwa bado tunamjua mtu zaidi ya bibi.

Makaratasi tuyaseme kwa haraka. Cheti cha ndoa kiwe cha serikali, chenye mihuri yote, na nakala zaidi ya moja. Utapimwa damu, utapigwa picha ya kifua, utachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha ukaazi. Na hapa wanawali mtusikilize vizuri: sisi tulikwenda na hina na piko mpaka ncha za vidole, kama bi harusi yeyote wa Unguja. Mashine ikakataa. Kidole hiki, kidole kile, inakataa. Tulipelekwa pembeni tukafutwa kwa kitambaa chenye dawa, wapi! Tukaambiwa turudi ikifutika. Tuliisugua kwa ndimu na chumvi usiku mzima huku waume zetu wanacheka, hina ya siku tano nani ataitoa? Tulirudi wiki mbili baadaye.

Mwezi uliopita tulimfungia mzigo mwari mmoja anayekwenda kulekule. Tulimwekea mbuzi ya nazi, sindano na nyuzi, ubani, doti mbili za kanga za mama yake, zilizovaliwa si mpya, na karatasi yenye namba. Ufunguo wa pili alishamwomba mume kwa simu, akacheka akasema keshachonga. Aliyemgombeza ni mpaka hina wake, alipoambiwa aache ncha za vidole zote kumi wazi. Alisema harusi gani hiyo, mikono kama ya mwanamke asiyemaliza kuvaa. Lakini aliziacha.